Kuzima jeni au kuzima chanzo: kisa cha mgonjwa wa makovu ya ini kutoka Lamu

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja kutoka visiwa vya Lamu aliyehudumiwa Malindi. Umri, ukoo, kisiwa na tarehe vimeondolewa au kubadilishwa, na mwenyewe ameridhia kiandikwe. Nimekiandika kwa ajili ya wahudumu wenzangu wa afya huku pwani, na kwa familia zinazopigiwa simu kutoka ng'ambo zikiambiwa kuna tiba mpya inayofuta ugonjwa. Tiba mpya inayozungumzwa hapa ni sayansi ya kweli, haikubuniwa na matapeli. Ndiyo maana kisa hiki kilikuwa kigumu, na ndiyo maana nakiona kina mafunzo.

## Mgonjwa na alikotoka

Nitamwita Bwana S. Ana miaka arobaini na kitu, kazi yake ni ya baharini, na hajawahi kunywa pombe. Miaka mitatu kabla ya kutufikia alikwenda kutoa damu kwa ajili ya jamaa yake aliyekuwa akisubiri upasuaji. Damu yake ikakataliwa. Mhudumu mmoja alimwambia wakiwa wamesimama ukumbini, "Una ugonjwa wa ini, usitoe damu tena." Hakupewa karatasi. Hakuambiwa ni ugonjwa gani, wala hakupangiwa siku ya kurudi.

Hapa Kenya damu ya kuchangia hupimwa VVU, kaswende, na homa ya ini aina ya B na C. Kwa hiyo siku ile kulikuwa na mtu aliyejua jina kamili la ugonjwa wa Bwana S., na jina hilo halikumfikia mwenyewe. Alirudi nyumbani, akashauriwa na watu wanaompenda, akaanza kutumia mwarobaini na habasoda. Uchovu ulipomzidi aliona ni umri na jua la baharini. Usiku wa kuvua alitafuna muguka, aina ya miraa, ili asisinzie, na zipo taarifa za kitabibu zinazohusisha utafunaji wa aina hiyo na kuumia kwa ini, ingawa kwake muguka haukuwa chanzo.

Alikuja kwetu baada ya uzito usioisha chini ya mbavu za kulia. Alivuka kwa mashua hadi Mokowe, akapanda basi kupitia Witu na Garsen, akafika Malindi akiwa amechoka kuliko alivyotoka. Macho hayakuwa ya njano, tumbo halikuwa na maji, miguu haikuvimba.

## Vipimo vilivyoonyesha nini

Kipimo cha homa ya ini aina ya B kilionyesha kuwa anacho kirusi. Aina ya C hakuwa nayo, VVU hakuwa nayo. Tulifikiria kichocho pia, kwa sababu yapo makovu ya ini yanayoletwa nacho. Lakini kichocho tunachokijua pwani hushambulia kibofu cha mkojo. Kile cha ini kiko zaidi kandokando ya Ziwa Victoria, na Bwana S. hajawahi kuishi huko. Picha ya ultrasaundi ilionyesha ini lililoparuza kidogo, bila uvimbe.

Kipo kipimo kisichohitaji mashine ya bei, na ningependa kila kituo cha afya pwani kikitumie. Kinaitwa APRI. Unachukua kimeng'enya cha ini AST, unakigawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako, unazidisha kwa 100, kisha unagawa kwa idadi ya chembe sahani za damu kwa maelfu. AST ya Bwana S. ilikuwa 72, kiwango cha juu cha maabara ni 40, chembe sahani 150. Jibu ni 1.2. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema kwa mtu mzima mwenye homa ya ini aina ya B, APRI iliyopita 0.5 ni dalili ya makovu ya kutosha kuanza dawa, na iliyopita 1 inaashiria ini lililokwisha kukakamaa, yaani sirosisi.

Baadaye alipata nafasi Nairobi ya kupimwa ugumu wa ini kwa mashine ya mawimbi, ikaonyesha kilopaskali 11.4. Kwa mwongozo uleule, mpaka wa makovu ni 7 na mpaka wa sirosisi ni 12.5. Basi kipimo kimoja kilisema sirosisi, kingine kikasema makovu mazito ambayo bado hayajafika huko. Tofauti hiyo haikubadilisha uamuzi wa dawa, kwa sababu alivuka mpaka wa kutibiwa kwa vipimo vyote viwili. Ilibadilisha jambo moja tu: tuliamua kumfuatilia kama mtu mwenye sirosisi, pamoja na ultrasaundi kila baada ya miezi sita kutafuta saratani ya ini mapema.

## Simu kutoka Dubai

Kabla dawa haijaanza, mtoto wa kaka yake anayefanya kazi Dubai alituma ujumbe wa sauti. Alikuwa amesoma kwa bidii. "Ami, usikubali kumeza vidonge vya maisha. Kuna dawa inazima jeni inayotengeneza makovu. Ukishapigwa, ini linarudi." Alikuwa amempata wakala wa kliniki moja ya ng'ambo iliyoahidi tiba ya "RNA" kwa dripu. Wakala alitaka nusu ya fedha mbele. Familia ilikuwa imekwisha kutoa sehemu ya hiyo nusu, na kiwanja kimoja cha bara kilikuwa kimetafutiwa mnunuzi.

Bwana S. alikuja kliniki na simu mkononi, akatusikilizisha ujumbe wote. Hakuwa anabishana. Alitaka kujua kama kijana anasema kweli.

Jibu la haraka lingekuwa kumwambia ni uongo, tukamalizana. Lakini lingekuwa jibu lisilo sahihi, na kijana angetuma makala kumi kulithibitisha kosa letu, na kuanzia siku hiyo kila tutakalosema lingekuwa na shaka. Tuliamua kumweleza yote tunayoyajua, kwa Kiswahili, na tukamwomba kijana awepo kwenye simu.

## Kuzima jeni kunavyofanya kazi

Jeni ni maagizo yaliyohifadhiwa ndani ya chembe. Ili agizo litekelezwe, chembe hunakili kipande chake kwenye RNA ya ujumbe, ujumbe ukasomwa, protini ikaundwa. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa kutumia mnyoo mdogo wa maabara, kwamba ukiingiza RNA ya nyuzi mbili inayolingana na jeni fulani, ujumbe wa jeni hiyo huharibiwa na protini yake haiundwi tena. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Katika chembe za binadamu kazi hiyo hufanywa na RNA fupi sana, zenye herufi kama 21. Protini iitwayo Argonaute huushika uzi mmoja, huutumia kuutambua ujumbe unaolingana nao, kisha huukata ujumbe huo.

Kijana alikuwa amefahamu kwamba jeni hukatwa ikatolewa. Sivyo. Jeni hubaki pale pale. Kinachoharibiwa ni nakala zake. Dawa ikiisha mwilini, nakala mpya huanza kusomwa tena. Ndiyo maana dawa za namna hii hurudiwa. Inklisirani, ya kushusha kolesteroli, hudungwa mara mbili kwa mwaka baada ya dozi za mwanzo. Ya kwanza kabisa kuidhinishwa, patisirani, ilipata idhini Marekani Agosti 2018. Inazima protini moja inayotengenezwa kwenye ini na kuharibu neva za watu waliorithi kasoro yake.

Karibu dawa zote za kundi hili zinafanya kazi kwenye ini, na hapo ndipo matumaini ya kijana yalipopata nguvu. Ikiwa ini ndiyo njia iliyo wazi zaidi, kwa nini makovu ya ini yasizimwe?

Ni kwa sababu ini lina chembe za aina nyingi. Zile kubwa zinazofanya kazi nyingi ya ini zina kipokezi juu yake kinachoshika sukari iitwayo GalNAc. Ukiifunga RNA yako na sukari hiyo, ukaidunga chini ya ngozi, chembe hizo huivuta ndani zenyewe. Lakini kolajeni, yaani nyuzi za kovu, kwa sehemu kubwa haitengenezwi na chembe hizo. Hutengenezwa na chembe nyota, zilizojibanza kando ya vijia vya damu. Ini likiwa zima, chembe nyota hukaa kimya zikihifadhi vitamini A. Ini likiumizwa mwaka baada ya mwaka, hugeuka, huacha kuhifadhi vitamini, na kuanza kumwaga kolajeni. Nazo hazina kile kipokezi cha GalNAc. Nilimwambia Bwana S. hivi: mzigo ukishushwa Mokowe, bado haujafika Lamu. Alicheka, akamweleza mpwa wake kwa Kiamu haraka haraka, na nadhani alieleza vizuri kuliko mimi.

Watafiti wa Sapporo, Japani, waliitafutia njia. Mwaka 2008 walichapisha kazi yao: walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta vyenye vitamini A juu yake, wakijua chembe nyota ndizo zinazoitafuta vitamini hiyo, wakapakia ndani RNA ya kuzima protini ya panya ambayo kwa binadamu huitwa HSP47. Protini hiyo husaidia kolajeni ikunjwe sawasawa kabla ya kutolewa nje ya chembe. Panya waliokuwa na sirosisi walipona makovu na wakaishi muda mrefu zaidi. Nakiri ni moja ya kazi nzuri zaidi nilizosoma kuhusu ini. Dawa iliyotokana nayo ilifikishwa kwa binadamu, kwa watu wenye makovu mazito waliokwisha kuponywa homa ya ini aina ya C, wakapewa dripu kila wiki kwa wiki 12. Ilivumilika. Lakini tofauti kati yao na waliopewa plasebo, yaani dripu isiyo na dawa, ilikuwa ndogo, na idadi yao haikutosha kuthibitisha kitu.

Panya na binadamu wanatofautiana hapa kwa jambo la msingi. Makovu ya panya wa maabara hutengenezwa kwa majuma. Ya binadamu hujengeka kwa miongo, nyuzi zikafungwa na kufungwa tena, na kuzima kolajeni mpya hakuiondoi ile ya zamani. Tena kolajeni ni ya mwili mzima, vidonda na mifupa vinaihitaji, kwa hiyo dawa inayopotea njia inaweza kuzima kovu ambalo ulilitaka.

Njia nyingine ni kuzima jeni zilizo ndani ya zile chembe kubwa. Mwaka 2018 ilionekana kwamba watu waliozaliwa na jeni ya HSD17B13 isiyofanya kazi hupata sirosisi kidogo kuliko wengine, na dawa za kuizima jeni hiyo ziko kwenye majaribio, hasa kwa ini lenye mafuta. Na mwaka 2022 yalitoka matokeo ya fazirsirani, dawa ya watu waliorithi protini iliyopinda inayorundikana ndani ya ini. Kati ya wagonjwa 15 waliopimwa, makovu yalipungua kwa 7. Utafiti ulikuwa mdogo na wote walijua wanapewa dawa, kwa hiyo si neno la mwisho.

Lakini tazama kilichozimwa. Fazirsirani haikugusa kolajeni wala chembe nyota. Ilizima kile kilichokuwa kikiliumiza ini, na kovu likaanza kulegea lenyewe. Kwa Bwana S. kinacholiumiza ini ni kirusi, na kirusi hicho tunacho kidonge cha kukizuia. Kwenye mazungumzo yale, hoja hiyo ndiyo iliyogeuza mambo, kwa familia na kwangu pia.

## Uamuzi, na sababu zake

Tulikaa kikao kimoja kirefu: Bwana S., mkewe, mama yake mzazi, na kijana kwenye simu. Tuliweka mezani mambo matatu.

Kwanza, tenofoviri, kidonge cha miligramu 300 kila siku. Hakiondoi kirusi, kinakizuia kuzaana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 348 wa homa ya ini aina ya B walikatwa kinyama cha ini kwa uchunguzi kabla ya tenofoviri na tena baada ya miaka mitano. Nusu yao makovu yalipungua. Kati ya 96 waliokuwa na sirosisi mwanzoni, 71 hawakuwa nayo tena. Kijana aliomba turudie takwimu hiyo. Hakuna dawa ya kuzima jeni iliyowahi kuonyesha jambo kama hilo kwenye ini la mgonjwa wa aina hii, na hakuna iliyoidhinishwa kwa ajili ya makovu ya ini.

Pili, kliniki ya ng'ambo. Tulimwandikia wakala maswali manne: mnazima jeni gani, RNA inafikishwaje kwenye chembe nyota, jaribio limesajiliwa wapi na kwa namba gani, na kwa nini mgonjwa analipa. Majaribio halali ya dawa mpya hayamlipishi mgonjwa dawa inayojaribiwa. Wakala alijibu kwa picha za wagonjwa wanaotabasamu na punguzo la bei. Kijana mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi huyu hajui anachouza."

Tatu, mlango wa baadaye. Hapa tulitaka tusimkatishe tamaa bure. Dawa iitwayo bepirovirseni, inayozima ujumbe wa kirusi chenyewe kwa uzi mmoja wa kemikali, ilijaribiwa kwa wiki 24, na matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi waliopewa dozi ya juu alipoteza alama ya kirusi kwenye damu na kubaki hivyo baada ya sindano kuisha. Jaribio hilo lilikuwa na watu waliokuwa tayari wanatumia vidonge vya aina ya tenofoviri. Maana yake, kuanza kidonge leo hakumfungii mgonjwa mlango wa tiba ya kesho. Kusubiri bila kidonge ndiko kunakoufunga, kwa sababu tiba ikifika itakuta ini limeisha.

Mama yake hakuuliza kuhusu jeni. Aliuliza, "Ni mimi niliyempa?" Swali hilo sikuwa nimejiandaa kulijibu mbele ya watu wote. Tulimweleza kwamba zamani za utoto wa Bwana S. kirusi hiki kilipita kwa watoto wengi wakati wa kuzaliwa au wakicheza pamoja, bila mtu kujua, na chanjo yake iliingia katika ratiba ya watoto wachanga Kenya mwishoni mwa 2001. Hakuna aliyempa mwenzake kwa kukusudia au kwa uzembe. Alinyamaza, kisha akasema wanawe wote wapimwe.

Uamuzi ukawa: creatinine, kipimo cha afya ya figo, ipimwe, tenofoviri ianze, muguka uachwe, kiwanja kisiuzwe, mke na ndugu wapimwe, watakaokuwa hawana kirusi wachanjwe.

## Kidonge kilichokuwepo kabatini

Sehemu hii ndiyo ngumu kuliko sayansi yote iliyotangulia.

Tenofoviri ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na ipo karibu kila kituo kwa sababu ni sehemu ya dawa za VVU. Bwana S. alipokwenda kuichukua karibu na kwao aliambiwa dawa ile ni ya mpango wa VVU, na yeye hana VVU. Dawa ilikuwepo kabatini, lakini ilihesabiwa kwa wagonjwa wa VVU, si kwa ajili yake. Alipopata kibali cha kuichukua, alitakiwa kukaa kwenye foleni ya kliniki ambayo kisiwa kizima kinaijua ni ya nini. Mkewe aliulizwa na jirani kabla jua halijazama. Tulitafuta njia ya yeye kuchukua dawa Malindi, miezi mitatu kwa mara moja, akiinunua mwenyewe pale ilipokosekana.

Ikaja kusi. Bahari ilichafuka, kazi yake ikampeleka mbali na nyumbani, vidonge vikaisha, na nauli ya kuja Malindi ikaonekana ni gharama inayoweza kungoja kwa kuwa alikuwa anajisikia mzima. Alikaa majuma kadhaa bila dawa. Alipofika, ALT, kimeng'enya kingine cha ini, iliyokuwa imekwisha kushuka ilikuwa zaidi ya mara tano ya kiwango cha juu. Kirusi kikiachiwa ghafla huamka, na kwa mtu mwenye makovu mazito mwamko huo unaweza kuliangusha ini kabisa. Kwake halikuanguka. Dawa ilirudishwa siku ileile, vipimo vikarudiwa kila wiki, vikashuka.

Nilipomuuliza kama alijua hatari ya kuacha, alisema alielezwa kidonge kinafanya nini akikimeza, hakuelezwa kinachotokea akikiacha. Ni kweli, katika maelezo yote yale ya jeni na RNA jambo hilo lilipita kwa sentensi moja.

## Matokeo

Baada ya miaka miwili ya dawa, ukiacha pengo lile, AST yake ni 31 na chembe sahani 178, APRI ikiwa chini kidogo ya 0.5. Ugumu wa ini umeshuka hadi kilopaskali 7.9. Ultrasaundi za kila nusu mwaka hazijaonyesha uvimbe. Anafanya kazi, uzito wa ubavuni umeondoka. Mkewe hana kirusi na amechanjwa. Watoto wote walichanjwa utotoni. Ndugu zake watatu walipimwa, wawili wanacho kirusi. Mmoja ameanza dawa kwa kuwa APRI yake imepita 0.5, mwingine anafuatiliwa. Fedha za wakala hazikurudi. Kiwanja kipo.

## Uchambuzi

Tusiisome kilopaskali 7.9 kupita kiasi. Mashine ile hupima ugumu, na ini lililovimba kwa kuumizwa na kirusi, si uvimbe wa saratani, ni gumu hata pasipo kovu. Kirusi kikizuiwa uvimbe hutulia kwanza, ugumu ukashuka haraka, na makovu hufuata polepole kwa miaka. Kwa hiyo sehemu ya mteremko huo ni uvimbe uliopoa, na bila kinyama cha ini hatuwezi kusema ni kiasi gani cha kovu kilichoondoka. Ndiyo sababu Bwana S. bado anapigwa ultrasaundi kila miezi sita, na ataendelea: aliyewahi kufika karibu na sirosisi habaki salama na saratani kwa sababu namba zimependeza.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kumchukulia kijana wa Dubai kama msomaji, tusimwone adui. Alikuwa na kiini sahihi na hitimisho la haraka. Tulipomwonyesha ni chembe ipi inayopaswa kufikiwa na kwa nini haifikiki kirahisi, aliweza mwenyewe kumhoji wakala, na maneno yake yalikuwa na uzito kwa ami yake kuliko yetu. Wahudumu wengi tunaogopa kueleza sayansi kwa undani tukidhani mgonjwa atapotea. Bwana S. hajamaliza shule ya msingi, na alilielewa suala la chembe nyota mara ya kwanza.

Kilichoharibika kilianza siku ya damu iliyokataliwa. Miaka mitatu ya makovu ilijengwa juu ya sentensi moja ya ukumbini. Karatasi yenye jina la ugonjwa na tarehe ya kurudi ingegharimu shilingi ngapi? Kipimo kilishalipiwa, jibu lilikuwepo. Kila anayepima damu ya kuchangia anawaona wagonjwa wa aina hii kabla yetu sote, na wengi wao hawahisi chochote.

La pili ni mgawanyo wa nguvu katika maelezo yetu. Saa nzima ilikwenda kwenye tiba ambayo mgonjwa hataipata mwaka huu, na sentensi moja kwenye hatari ya kuacha ile anayoipata. Sasa kila mgonjwa anayeanza tenofoviri anaulizwa kwanza yuko wapi wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na dozi zake hupangwa kufuata msimu. Mwenzetu mmoja huwapigia simu wanaoishi visiwani vidonge vikikaribia kuisha.

La tatu halijapata ufumbuzi. Dawa yenye ushahidi bora kwa ini la Bwana S. bado imefungwa kwenye hesabu za ugonjwa asiokuwa nao. Kwa sasa anaipata kwa sababu duka moja la dawa Malindi huiagiza kwa ajili yake na ndugu yake. Duka hilo likikosa, mahali pa karibu pa kuitafuta ni Mombasa, na yule ndugu anayefuatiliwa akifika mpaka wa kutibiwa, ndugu wawili watakuwa wanaitegemea oda hiyo pamoja na Bwana S.